Uso Uliofunza Mashine

Kwa kina Tabby, mashambani nje ya Kitale, mtu akijikwaa kidole cha mguu majirani wanapata habari kabla vumbi halijatulia. Mamake, Nyaruai, ana uso wa kulilia hata maziwa yaliyofurika jikoni, na watoto wake wote wamerithi. Ndiyo maana Tabby alipoolewa na Mukhisa, Mbukusu wa upande wa Chwele, mfanyabiashara wa ng'ombe, alikaa mwaka mzima akidhani kuna jambo amemkosea mumewe. Kumbe hapakuwa na kosa. Uso wenyewe ndivyo ulivyokuwa: mlango umefungwa, ufunguo anao Mukhisa, na Mukhisa hakumbuki alikouweka.

Kuna wakati fahali alimkanyaga sokoni. Akarudi nyumbani mtaa wa Tuwan, Kitale, akavua kiatu sebuleni, akakitazama kidole kilichokuwa kimevimba na kugeuka rangi ya zambarau, halafu akamwambia mkewe, "Hii kiatu imekuwa ndogo." Akaomba chai.

Kwao, uso wa namna hiyo si ugonjwa, ni heshima. Kila mwaka wa tohara, Agosti inapofika, jamaa zake kule Chwele humwita Mukhisa asimame mbele ya kijana wakati wa kisu. Kazi yake ni kutazama uso. Kijana hatakiwi kukunja kipaji wala kupepesa jicho, na Mukhisa akishasema kwamba ameona uso umetulia, basi umetulia, wazee wanakunywa busaa yao kwa amani. Mwanawe wa pekee, Sikuku, alipofikisha umri, Mukhisa alisimama pale pale, mbele ya mwanawe mwenyewe. Tabby alikuwa ndani ya nyumba na wanawake wengine, maana mama haruhusiwi kutazama. Alisikia kimya, kimya kirefu cha kumkausha mtu mate, kisha vigelegele. Uso wa Sikuku ulikuwa umetulia. Binamu mmoja aliunasa kwa simu, uso peke yake, na video hiyo ikazunguka Chwele nzima kama cheti cha shule.

Jioni yake Tabby alimpelekea mwanawe uji, na kikombe kikagongana na meno ya mtoto. Hakumuuliza kitu. Yeye ni wa kuolewa hapo, na mambo ya wanaume wa hapo ameyaacha yalivyo.

Sasa, mjini Kitale kuna daktari mmoja, Simran, ambaye ana hospitali ndogo yenye chumba cha upasuaji na foleni isiyokwisha. Simran alichoka. Kila mtu kwenye foleni alikuwa mgonjwa kuliko mwenzake, na muuguzi wa mlangoni, Cheptoo, alikuwa akitukanwa kutoka asubuhi hadi jioni. Basi Simran akanunua mashine ng'ambo: kamera na kompyuta inayosoma uso wa mgonjwa na kusema ana maumivu kiasi gani. Taa nyekundu, ingia kwa daktari. Taa ya kijani, Cheptoo atakupa dawa urudi nyumbani. Mashine haibembelezwi, haina shangazi, haitukaniki.

Shida ni kwamba ilikuwa imesomea nyuso za huko ilikotoka. Ilipofika Kitale iliona kila mtu ana hasira. Simran akamtafuta Sachin, kijana ambaye wazazi wake wana duka la vipuri na pampu za maji, na yeye amesomea kompyuta. Akamwambia aifundishe upya kwa nyuso za watu wa hapa: nyingine za watu wanaoumwa, nyingine za watu wasioumwa.

Nyuso za kuumwa hazikumsumbua. Alipata kadhaa kwenye benchi la daktari wa meno, kisha akaelekezwa kwa Nyaruai. Siku hiyo Nyaruai hakuwa akiumwa na chochote, lakini aliona ni vibaya kumrudisha mtoto wa watu mikono mitupu. Akakaa kwenye kiti, akawaza bei ya mbolea, na akampa Sachin maumivu ya kila aina mpaka betri ya kamera ikaisha.

Nyuso za utulivu ndizo zilizomtoa jasho. Mwambie mtu wa Kitale atulie mbele ya kamera, ama atacheka ama atakauka kama anapigwa picha ya kitambulisho. Hapo ndipo mtu mmoja dukani akamwambia kwamba anayejua nyuso zilizotulia ni Mukhisa, mteja wao wa siku nyingi. Sachin akamfuata mpaka Chwele siku ya soko, akamkuta na kaka zake wakila nyama choma baada ya kuuza.

Mukhisa alifurahi, ingawa usingejua kwa kumtazama. Akatoa simu, akamwonyesha Sikuku, na nyuso za vijana wengine wa rika lake. Sachin amezaliwa Kitale. Anajua Agosti ni mwezi wa nini. Alitazama zile nyuso kwa muda, halafu akauliza kwa adabu.

"Mzee, samahani. Hapa Sikuku alikuwa anasikia uchungu?"

Kaka zake Mukhisa wakaacha kutafuna.

"Huyu?" Mukhisa akasema. "Hakusikia kitu."

"Hata kidogo?"

"Kijana yetu? Hata kiasi ya siafu."

Wale kaka wakarudi kwenye nyama. Sachin akaona si vizuri kubishana na mzee juu ya mwanawe mbele ya ndugu zake, akaweka video zote upande wa wasioumwa. Aliuliza kwa adabu, akajibiwa kwa heshima, na mashine, ambayo haijui adabu wala heshima, ikaamini yote mawili.

Ilipofunguliwa rasmi, watu wakaipa jina: Jaji. Na kama majaji wengine, baada ya muda mfupi watu walikuwa wameshajua inapenda nini. Nyaruai alikwenda na ukucha ulioota vibaya, Jaji akamtazama, akawasha nyekundu kabla hajakaa vizuri. Haikuwa ajabu, maana alikuwa akitazama uso uliomsomesha. Tangu siku hiyo Nyaruai akawa mwalimu. Wanawake wa Tuwan walimpitia kwanza kabla ya kwenda hospitali. "Jicho la kushoto nusu," aliwaambia. "Mdomo wa juu uende kwa pua. Usilie, kulia haisaidii. Kunja tu, na ukunje kwa roho." Cheptoo alipata amani yake, Simran akaandikwa kwenye gazeti, na Sachin akaalikwa mkutanoni Nairobi kueleza namna teknolojia inavyoweza kuheshimu tamaduni.

Agosti iliyofuata ya tohara ilipokaribia, Mukhisa alirudi kutoka Chwele bila ng'ombe, na chakula cha jioni akakila nusu. Hivyo ndivyo Tabby alivyojua. Mwanaume huyu alikuwa hajawahi kuacha ugali kwenye sahani tangu amjue.

"Baba Sikuku, unaumwa wapi?"

"Siumwi. Ni chakura tu imekataa kushuka."

Asubuhi iliyofuata alitembea kutoka kitandani hadi mlangoni akiwa ameinama kidogo, mkono umeshika upande wa kulia wa tumbo kama mtu anayeficha kitu mfukoni. Tabby akamburuta hospitali. Mukhisa akakaa mbele ya Jaji, kofia gotini, macho mbele. Taa ya kijani ikawaka papo hapo. Jaji hakuwa na shaka hata kidogo.

"Anasikia uchungu wapi?" Cheptoo akauliza.

"Sisikii," Mukhisa akasema.

Cheptoo akamtazama Tabby. "Mama, mashine inasema hana. Yeye mwenyewe anasema hana. Si ni kama ni wewe unaumwa?"

"Mimi ndiyo naumwa, ndiyo," Tabby akasema. "Naumwa na yeye. Mguse hapa uone."

Cheptoo akampima joto, akakuta limepanda kiasi, akasema ni malaria inajaribu kuingia. Akawapa dawa ya malaria na nyingine ya gesi. Wenye taa ya kijani hawamfikii daktari. Ndiyo ilikuwa kanuni, na kanuni iliwekwa kwa sababu ya watu kama Nyaruai.

Usiku ukapita vibaya. Kulipokucha Tabby akampigia mamake simu aje haraka, na hapo kukatokea kikwazo kingine. Kwa Wabukusu, mkwe na mama mkwe hawakaribiani ovyo. Mwanaume hakai chumba kimoja na mamake mkewe, sembuse kumkazia macho. Basi Nyaruai akakaa sebuleni, Mukhisa akabaki chumbani kitandani, na somo likapitia pazia.

"Mwambie afunge jicho moja nusu," Nyaruai akasema.

"Mami anasema ufunge jicho moja nusu."

Mukhisa akafunga jicho lote.

"Amefunga?"

"Amefunga kama mtu analala."

"Ati analala? Mwambie afikirie fahali yake mzuri imeibwa."

Tabby akamwambia. Mukhisa akafikiri kwa bidii. Kitu fulani kikatembea chini ya shavu lake, kikafika karibu na mdomo, kikarudi. Alifanana na mtu anayetaka kupiga chafya kanisani. Tabby akacheka, kisha akajikuta analia, na kule sebuleni Nyaruai akauliza ni nani amefanikiwa.

"Jaribu tena," Tabby akamwomba mumewe. "Kwa ajili yangu. Ni uso tu, Baba Sikuku. Ni dakika moja tu."

"Mama Sikuku," Mukhisa akasema polepole, kwa sababu kila neno sasa lilipita kwenye tumbo kabla ya kufika mdomoni, "mimi nimetazama vijana ya watu nikiwaambia wasikunje. Wengine sasa ni wanaume, wako na watoto. Nikunje mimi, mbere ya kamera, mtu aone?"

"Nani ataona? Ni mashine."

"Mashine ni ya nani? Ni ya watu."

Walirudi hospitali, na taa ikawa ya kijani. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini waliotunga methali hiyo hawakujua kwamba siku moja kutakuwa na chombo cha kumsaidia kuyaficha. Cheptoo, ambaye si mtu mbaya, alimwongezea dawa ya gesi na kumwambia apunguze maharagwe.

Wakiwa bado kwenye benchi la nje, Sikuku akafika kutoka Chwele, ambako alikuwa likizo kwa babu. Alikuwa amepigiwa simu na mamake. Mvulana amerefuka, sauti imekomaa, uso ni ule ule wa babake, tena bila makunyanzi. Akamsalimia babake. Na mara tu Mukhisa alipomwona mwanawe, akajinyoosha mgongo, akaketi wima kabisa.

"Nimeanza kupata nafuu," akasema. "Imeachilia."

Ilikuwa kweli. Jasho lilimtoka, midomo ikapauka, na maumivu yakampumzisha ghafla. Tabby hakusomea udaktari, lakini alijua dalili hiyo. Amekulia kwenye ng'ombe. Aliwahi kumwona ndama anayegaagaa kutwa akitulia ghafla hivyo, na babake hakufurahi, alikwenda kutafuta jembe la kuchimbia shimo.

Akamwambia Sikuku amshike babake, naye akavuka barabara mbio mpaka dukani kwa kina Sachin. Hakusalimia.

"Kuja na mimi. Jaji yako inaua bwanangu."

Sachin alikuja. Ni kijana mwema, na wema wake ndio uliotufikisha hapa. Akafungua kompyuta ya hospitali, akatafuta kwa nini mashine ina uhakika mkubwa hivyo juu ya mgonjwa huyu. Ikamwonyesha. Mashine ilikuwa imeufananisha uso wa Mukhisa na nyuso zote ilizosomeshwa, ikapata mmoja unaokaribiana nao kuliko mwingine wowote: kipaji kile kile, taya lile lile, macho yale yale yanayotazama mbele bila kupepesa. Chini yake pameandikwa, hana maumivu.

Tabby akauona uso wa mwanawe. Ilikuwa mara ya kwanza kuutazama. Siku ile alikuwa ndani, na baadaye video ilipozunguka hakutaka kuiona.

"Huyu ni Sikuku," akasema. "Sachin, huyu mtoto alikuwa anakatwa."

"Nilimuuliza mzee, Mama Sikuku. Alisema hakusikia."

"Ulimuuliza mbele ya nani?"

Sachin akafuta kioo cha kompyuta kwa kiganja.

"Ulimuuliza Mbukusu kama mtoto wake alisikia kisu, na kaka zake wamekaa hapo na nyama mkononi. Ulitaka aseme nini?"

"Nilijua," Sachin akasema. Alikuwa ameinamisha kichwa. "Nilijua ni uongo. Lakini ningemwambia nini, mzee kama yule? Nikaona ni heshima."

Tabby alitaka kumzaba kofi, na alitaka pia kumwonea huruma, na hakuwa na wakati wa lolote kati ya hayo. "Nenda umlete daktari," akasema. "Huyo atakuskiza."

Simran alipokuja hakumtazama Jaji. Alimlaza Mukhisa kitandani, akaweka mkono upande wa kulia wa tumbo, na tumbo lilikuwa gumu kama ubao wa kukatia nyama. Akaondoa mkono. Uso wa Mukhisa haukusogea. Ila vidole vyake vilikunjana ndani ya kiganja.

"Kidole tumbo imepasuka," Simran akasema. "Usaha iko ndani. Tunapasua leo, sasa hivi. Mzee, unakubali?"

"Kupasua nini, daktari, na mtu haumwi?"

"Mzee Mukhisa, hii kitu itakuua."

"Mimi sina uchungu."

Simran akamgeukia Tabby, akaeleza jambo ambalo Tabby hakutaka kulisikia. Mgonjwa ana akili zake timamu. Akikataa, hakuna daktari anayeweza kumpeleka mezani kwa nguvu, mpaka apoteze fahamu, na akishapoteza fahamu watakuwa wamechelewa. Ilibaki kauli yake tu. Nasikia uchungu, nipasueni. Simran akaenda kuandaa chumba hata hivyo, akisema wamwite mara tu mzee atakapokubali.

Ukutani juu ya kitanda kulikuwa na kamera ndogo, ndugu ya ile ya mlangoni. Taa yake ilikuwa ya kijani, imetulia.

Tabby alimsihi. Alimtaja mama yake marehemu, alimtaja Mungu, alitaja ng'ombe. Mukhisa alikuwa akimsikiliza, lakini macho yake yalikuwa kwa Sikuku aliyesimama karibu na dirisha. Hapo Tabby akaelewa, na hasira ikampanda. Huyu mtu yuko tayari kufa ili mtoto asimwone amekunja uso.

"Sikuku, toka nje kidogo," akasema.

"Hapana, mathe."

"Nimesema toka nje."

Sikuku hakutoka. Alisogea mpaka kitandani, akakaa ukingoni, jambo ambalo mtoto wa kiume wa nyumba ile hakuwa amelifanya tangu arudi kutoka kwenye tohara. Akatazama mikono yake.

"Baba, mimi nilisikia."

Macho ya Mukhisa yakahamia darini.

"Siku ile. Nilisikia uchungu mbaya. Nilidhani nitaanguka. Niliita Mum kwa roho." Akakunja ukingo wa shuka. "Sikusemea mtu yeyote. Hata maboyz wetu hatuambianganangi. Lakini nilisikia, Baba."

Tabby akashika chuma cha kitanda. Alijua, alijua tangu kile kikombe cha uji, lakini kujua na kuambiwa havilingani.

Mukhisa alihema kwa juu juu. Alipozungumza sauti yake ilikuwa ndogo sana.

"Najua," akasema. "Mguu yako ilitetemeka. Hii ya kushoto. Baba yako mkubwa alikuwa anakuja upande hiyo, angeona. Nikasogea mbere, nikaikinga na koti yangu."

Sikuku akainua kichwa.

"Mimi ndiyo mtazamaji," Mukhisa akasema. "Wote wanatetemeka. Sijawahi ona kijana hajatetemeka. Naangalia, naona, nasema sijaona. Hiyo ndiyo kazi."

"Na wewe?" Sikuku akauliza. "Siku yako?"

"Mimi nilikojoa."

Hakuna aliyecheka. Sikuku alimshika babake mkono, na Mukhisa akamwachia.

"Naumwa, mwanangu," akasema. "Naumwa sana. Muambie daktari akuje."

Sikuku alikuwa mlangoni kabla babake hajamaliza. Walipomsukuma Mukhisa kuelekea chumba cha upasuaji, uso wake ulikuwa vile vile, na taa ya kijani ilimsindikiza mpaka akapita mlangoni. Kwa Jaji, huyu alikuwa mtu mwenye afya kuliko wote waliopita hapo asubuhi hiyo.

Alipona. Haikuwa rahisi, kulikuwa na usaha mwingi na homa ya kuogofya, lakini mwili uliozoea kukanyagwa na mafahali haukati tamaa mapema. Mara tu alipoweza kuketi, Sachin akaja na ndizi mbivu na kompyuta yake. Hakuwa akilala vizuri. Alieleza kwamba anataka kurekebisha. Atazitoa video za Chwele upande wa wasioumwa na kuziweka zinakostahili, mashine ijifunze kwamba kuna watu ambao uso wao ukitulia namna ile ndipo hali imeshakuwa mbaya. Alihitaji tu ruhusa, na safari hii alitaka kuambiwa ukweli.

Tabby alifurahi. Aliona sasa jambo hili limefika mwisho wake mzuri: mume yuko hai, mtoto amesema, mashine itasahihishwa.

"Si uso wangu," Mukhisa akasema. "Muulize mwenye uso."

Wakamgeukia Sikuku. Sikuku aliangalia kompyuta, akaona uso wake pale, na nyuso za wenzake zimepangwa kando yake, wale aliokaa nao kichakani mpaka vidonda vikapona.

"Ukitoa yangu peke yake," akasema, "wao watabaki wanaume na mimi nitakuwa yule alilia."

"Nitatoa zote," Sachin akasema.

"Sasa hiyo ndiyo mbaya zaidi. Si ati utaandika rika yetu yote ilisikia? Chwele kule kitu haifichiki, bana. Wiki ijayo nitatembea aje sokoni?" Akatikisa kichwa. "Acha tu hivyo. Andika hatukusikia."

"Sikuku," Tabby akasema.

"Mathe, nilisemea Baba. Sikusemea kompyuta."

Tabby akamtazama mumewe amsaidie. Mukhisa alikuwa akitazama dari, na kama kungekuwa na mtu duniani anayeweza kuusoma uso ule, angeona kwamba anajivunia mwanawe. Tabby aliusoma. Siku zote hizi za hospitali zilikuwa zimemfundisha herufi chache. Ndiyo iliyomuudhi zaidi.

"Kwa hivyo watu wafe," akasema. "Wafe na heshima yenu. Mtu mwingine atoke Chwele, atoke wapi, tumbo imepasuka, akae pale aambiwe apunguze maharagwe."

Sachin akafunga kompyuta polepole, akasema atarudi siku nyingine, kwa namna ya mtu ambaye hatarudi na swali hilo. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole, na hapa walikuwa wamejidunga ukoo mzima, wakaukalia mwiba pamoja, wakatabasamu. Tabby akachukua chupa ya chai, akatoka nje ya wodi kabla hajasema maneno ya kwao kwa lugha ya kwao.

Foleni ilikuwa imejaa. Mwanamke mmoja alikuwa amekunja uso vizuri sana, jicho la kushoto nusu, mdomo wa juu umekwenda puani. Tabby akaitambua kazi ya mamake. Taa ilimwakia nyekundu, akainuka na kuingia kwa daktari kwa mwendo mwepesi. Nyuma yake akaketi mwanaume wa makamo, gumbuti zina udongo mwekundu wa mlimani, pengine ametoka juu huko Cheptais. Aliketi wima. Alitazama mbele kwa upole, kama mgeni anayengoja chai. Taa ikawa ya kijani, Cheptoo akanyoosha mkono kuchukua dawa ya gesi.

Kando ya yule mwanaume alikuwa mkewe. Alikuwa amesokota leso mkononi mpaka imekuwa kamba.

"Shemeji ana nini?" Tabby akamuuliza.

"Anasema hana kitu," mwanamke akasema. Akamtazama Tabby machoni. "Jana hakumaliza chakula."

Tabby akaweka chupa ya chai kwenye meza ya Cheptoo, juu kabisa ya daftari lake, ili asiweze kuandika.

"Anza na huyu."

"Mama Sikuku, huyu yuko sawa. Si unaona taa? Hata muangalie mwenyewe, ametulia kabisa."

"Nimemuangalia," Tabby akasema. "Nenda umwite daktari."